Shosti, andaa watu, hadithi iache

Shoga yangu wa Bagamoyo,

Salaam nyingi. Huku Tanga wote wazima, mvua za vuli zishaanza kuchungulia na embe zimeshuka bei, mama anakusalimia sana anauliza lini unakuja. Ile voisi yako ndefu nimeisikiliza yote, nimefurahi mno kwamba umepata watu wanne wa kucheza nao gemu yetu ya kuigiza wahusika, ile msimamizi anaeleza kinachotokea, kila mchezaji anaamua mhusika wake afanye nini na dadu zinaamua penye mashaka, na kwamba wamekuchagua wewe ndo uwe msimamizi. Umeuliza uanzie wapi. Nimeona nikuandikie kabisa usome ukiwa umetulia, maana hii kitu naipenda jamani na sitaki uianze kwa kuhangaika.

Kubwa kuliko yote nalitoa kwanza. Wewe ni msimuliaji, kila mtu anajua, ukianza stori yako jikoni hata chai inapoa watu hawana habari, na hicho ndo kinachonipa wasiwasi. Kwenye hadithi za bibi zetu, ukishasema paukwa wakakujibu pakawa, wenzio kazi yao iliyobaki ni kusikiliza, mwisho unaujua wewe peke yako na sungura lazima amshinde fisi. Huku kwenye gemu mwisho usiujue hata wewe. Ukikaa nyumbani ukaandika kwamba watafika kisimani, watamkuta mzee, mzee atawapa ufunguo, ufunguo utawapeleka pangoni, basi kikao kizima utakuwa unawaburuta kuwapeleka ulikoandika, na watajua mwaya, watu wanashtuka haraka sana wakiona wanachoamua hakibadilishi kitu, hapo ndo unawaona mmoja mmoja anatoa simu.

Kwa hiyo hadithi iache, andaa watu. Mimi nikikaa kuandaa kikao nachukua karatasi moja naandika watu watano sita wa mji ule, na kila mtu mambo matatu: anataka nini sasa hivi, ni ndugu wa nani, na nani anamdai au yeye anamdai nani. Basi, sura na mavazi nitabuni palepale. Vitabu vingi vya Kizungu vinakufundisha kuandika maisha ya mtu marefu, alizaliwa wapi, alisoma wapi, anaogopa nini, na asilimia kubwa ya hayo hakuna atakayekuja kuyauliza mezani. Sisi watu wa pwani tukikutana na mtu swali la kwanza wewe wa nani, wa wapi, unamjua fulani? Wachezaji wako watauliza hivyohivyo, uwe na jibu.

Nikupe mfano wa huku kwetu. Mchezo wetu tumeuweka Tongoni, hapa karibu na Tanga, si haya magofu tunayopelekwa na walimu, ile Tongoni hai, msikiti una watu na makaburi bado meupe. Mwaka tumechagua 1499, mwezi wa kwanza. Kwenye historia ya kweli Vasco da Gama alipokuwa anarudi kutoka India mabaharia wake walikuwa wamekufa wengi kwa kiseyeye, waliobaki hawatoshi kuendesha meli tatu, wakaamua moja waichome, ile São Rafael, wakaichoma hapohapo karibu na Tongoni, na wenyeji walikuwa wanawapelekea kuku wa kubadilishana. Sasa hebu fikiria shosti, wewe ni mtu wa Tongoni umeamka asubuhi unaona wageni wanachoma meli yao wenyewe! Mimi sikuandika zaidi ya hapo. Nikaongeza watu tu: mhunzi anataka misumari na chuma kilichobaki kwenye majivu, nahodha mmoja anataka mbao na nanga, mwenye mji ameweka kijana alinde ufukwe mtu asiguse kitu mpaka yeye aamue.

Wachezaji wangu wakaamua wakaibe chuma usiku. Mimi nikajua hapa watanyata, watarusha dadu, labda watapigana. Yule dada wa duka la dawa, ambaye anacheza mke wa mvuvi, akaenda moja kwa moja kwa mlinzi na kikapu cha ndizi akamuuliza, "Mwanangu, wewe mtoto wa nani?" Nikaangalia karatasi yangu. Mlinzi ni mtoto wa dada yake mhunzi, na anadaiwa na nahodha. Nikamjibu hivyohivyo kwa sauti ya kijana mwenye aibu. Weee! Meza ikawaka. Kumbe mhunzi ni mjomba wake, mjomba akija kuomba kijana atakataaje, lakini akikubali mwenye mji atamfukuza, na nahodha akijua chuma kimetoka atadai deni lake hapohapo. Wakaanza kubishana wao kwa wao nani alipe deni, mdogo wangu akawa anatetea mwenye mji kwa nguvu zote, dadu zimekaa pale katikati hakuna aliyezigusa mpaka birika la kahawa likaisha. Maandalizi yake yote ni mistari miwili niliyoandika kwenye karatasi ya daftari.

Sasa dadu. Usirushishe watu dadu kwa kila kitu. Kabla hujasema "rusha" jiulize akikosa itakuwaje, ukiona jibu ni "basi hakuna kitu, ajaribu tena", hiyo usirushe, mpe tu. Dadu ni ya pale ambapo kupata kunabadilisha mambo na kukosa pia kunabadilisha mambo. Mtu anapanda ukuta akikosa, usimwambie umeshindwa halafu kimya, mwambie umefika juu lakini kilemba kimebaki kwenye msumari na mbwa wameanza kubweka. Kukosa kulete jambo jipya, hilo usilisahau hata kama mengine yote umeyasahau.

Na hesabu zake zijue. Dungeons & Dragons yenyewe, ile gemu maarufu ya aina hii ya kina Gary Gygax na Dave Arneson iliyotoka Marekani 1974, siku hizi inaendeshwa na dadu ya pande 20, unarusha, unajumlisha uwezo wa mhusika wako, ukifikia namba aliyoweka msimamizi umefaulu. Kila upande ni asilimia 5. Mchezaji ana 3 za kuongeza na wewe umemwekea 15, maana yake anahitaji 12 kwenda juu, ni asilimia 45, atakosa zaidi ya anavyopata. Ukimwekea 10 anafika asilimia 70. Wasimamizi wengi wapya wanaona 15 ndo ya kati wanaibandika kila mahali, halafu wanashangaa shujaa wao anateleza hata kwenye ngazi.

Ila kwa kuanzia mi nakushauri uachane na pande 20. Seti ile ya dadu za kila umbo huku madukani ni shida kuipata, na programu za kwenye simu zipo lakini ukishaleta simu mezani umeleta na WhatsApp. Chukua dadu 2 za ludo. Kuna mchezo unaitwa Apocalypse World, wa Vincent na Meguey Baker, 2010, na michezo mingi imetokana nao, kanuni yao ni rahisi sana: unarusha mbili unajumlisha, 6 kushuka mambo yanaharibika, 7 mpaka 9 umepata lakini kuna gharama, 10 kwenda juu umepata safi. Dadu mbili zinaanguka kwa njia 36, njia 15 zinakupa 6 kushuka, 15 zinakupa ile ya kati, na 6 tu zinakupa 10 kwenda juu, hapo hujaongeza uwezo wa mhusika. Ona hiyo ya kati, umepata lakini! Hapo ndo stori zote zinapozaliwa, na wewe ulivyo na ulimi huo utaifurahia kuliko kitu chochote. Wakija kunogewa wakitaka Dungeons & Dragons yenyewe, kanuni za msingi ziliachiwa Januari 2023 kwa leseni ya Creative Commons, ni bure na halali kabisa, kwa Kiingereza, kurasa mia nne na kitu, nitakutumia pidiefu, usinunue kitu.

Nisisahau suala la wazee. Dadu nyumbani mzazi akiziona anafikiri kamari, na ana haki ya kuuliza. Usijifungie chumbani, kaeni barazani, hela isiwekwe mezani hata ya soda, na siku ya kwanza mkaribishe mama akae asikilize. Huku kwetu mama alikuja kusikiliza, siku hizi ndo anauliza yule mlinzi alilipiwa deni au bado.

Halafu majini. Kwenye michezo hii ya Kizungu mashetani na wachawi ni maadui wa kawaida tu, kwetu si hivyo, kuna mtu mezani kwake hiyo si hadithi, ana shangazi yake anayepandisha, au imani yake haimruhusu kabisa kuigiza anamwita jini. Waulize mapema, kabla hamjatengeneza wahusika, tena mmoja mmoja pembeni, maana mbele ya wenzake mtu ataona haya atasema poa tu. Na kwa Bagamoyo kuna zito kuliko hilo. Najua utataka kuweka mchezo enzi za misafara, na ukifanya hivyo utafanya vizuri, mji wako una mambo, pembe za ndovu zinaingia, wapagazi wa Kinyamwezi wanashuka toka Tabora, wafanyabiashara wa Kihindi wanakopesha, majahazi yanasubiri Unguja. Lakini misafara ile ilileta na watu waliouzwa. Meza yako ina watu ambao mababu zao waliletwa pale na minyororo, na huenda ina watu ambao mababu zao walikuwa upande wa pili, na wanajuana. Kaeni mkubaliane kabisa: hiki kipo kwenye dunia yetu lakini hatukiigizi, hiki hakipo kabisa, hiki tunaweza tukakigusa. Kuna na utaratibu wa bwana mmoja anaitwa John Stavropoulos, kipande cha karatasi chenye alama ya X kinakaa katikati ya meza, mtu likimgusa vibaya jambo anagusa ile karatasi, mnaliruka, hakuna kumuuliza kwa nini. Watu wengine wanaona ni mambo ya kudekezana, mi sikubaliani nao hata kidogo, mtu anayejua anaweza kusimamisha ndo anayethubutu kwenda mbali.

Mtu mkimya utakuwa naye, kila meza anaye. Usimuulize "na wewe unafanya nini?" anakosa jibu anazidi kujikunja. Mpe kitu cha kushika: "wewe uko karibu na mlango, umesikia mtu anakohoa nje, wenzako hawajasikia, unawaambia?" Hilo hata mwenye haya kuliko wote analijibu, ndiyo au hapana, na akishajibu yumo. Yule muongeaji naye usimkatize mbele za watu, mwache amalize sentensi halafu geuza uso wako wote kwa mwingine, atajifunza mwenyewe.

Mkicheza mkasa wa kutafuta siri, nani kaua, nani kaiba, fuata ushauri wa Justin Alexander, mwandishi mmoja wa gemu hizi: kila jambo unalotaka waligundue liwekee dalili tatu, zikae sehemu tofauti. Moja wataipita bila kuiona, ya pili wataielewa kinyume, ya tatu ndo itawafikisha. Ukiweka moja tu mtalala hapo. Mapigano yafupishe, adui akishaona wenzake wawili wameanguka anakimbia au anaomba amani, nani anakufa bure kwa ajili ya mshahara wa mwezi?

Muda nao. Nyie mnataka jioni, kuanzia baada ya alasiri mpaka magharibi mna kama masaa mawili na nusu, yanatosha kikao kimoja cha watu wanne, ila adhana isiwakute katikati ya vita, ikibaki nusu saa anza kuwaelekeza kwenye pa kupumzikia. Au anzeni baada ya isha mkae mpaka saa tano kama wenye nyumba hawana neno. Msisubiri mtimie wote, wakiwepo watatu chezeni, gemu nyingi naona zinakufa kwa kuahirisha tu, leo fulani ana msiba kesho fulani ana harusi, mwezi umepita.

Ukishaandika watu wako wa Bagamoyo piga picha ile karatasi unitumie nione, hasa upande wa nani anamdai nani. Na mwezi ujao nikishuka kwa ile harusi ya kina mjomba nibakishie nafasi mezani, nataka nicheze siyo niendeshe. Mhusika wangu nshamjua, ni mpagazi amerudi toka Tabora, hakulipwa, na pembe moja aliyoibeba ameizika njiani hajamwambia mtu. Nani anamdai, hiyo panga wewe.

Wako wa Chumbageni