Biashara yako imeondolewa kwenye ramani ya Google? Soma hapa kabla hujakata rufaa

Ujumbe huja kwa barua pepe, tena mfupi: wasifu wa biashara yako umesimamishwa kwa kukiuka sera. Umekosea wapi hasa, mara nyingi hauelezwi. Mteja aliyezoea kuandika "saluni Sinza" au "fundi friji Tabata" hakuoni tena, maoni mazuri uliyoachiwa na wateja yamepotea machoni pa watu, na simu zinaanza kupungua. Tunajua inavyouma, na tunajua kwa nini watu hukata rufaa usiku huohuo. Ndugu mteja, tunakuomba usubiri kwanza.

Sababu yetu ni hii. Ukishatuma rufaa, Google hukufungulia fomu ya kuweka ushahidi, na fomu hiyo ina dakika 60 tu. Zikiisha, imefungwa, na ombi lako linakwenda kuamuliwa bila karatasi hata moja. Sasa cheti cha BRELA, wakala wa usajili wa biashara, kiko nyumbani kabatini, leseni imetundikwa dukani nyuma ya kioo, namba ya mlipakodi (TIN) iko kwa mhasibu, na bando linakatika. Wateja wengi wanaokuja kwetu wakiwa wamekataliwa mara ya kwanza walikuwa na biashara halali kabisa. Walichokosa ni maandalizi.

Anayepitia rufaa yako hajawahi kupita mtaani kwako. Anachokiangalia ni kama jina na mahali ulipoandika kwenye wasifu vinalingana na vilivyo kwenye nyaraka na kwenye picha. Kwa hiyo kazi kubwa hufanyika kabla ya kutuma chochote, na inaanza na jina. Kama kibao cha mlangoni kinasema "Upendo Saluni", wasifu nao useme "Upendo Saluni". Ukiongeza "saluni bora ya kusuka bei nafuu Sinza Kijiweni" ili utafutwe kirahisi, umevunja sera ya majina. Hili ndilo kosa tunalokutana nalo kuliko yote, na mara nyingi aliliweka kijana aliyelipwa "kupandisha" biashara, mwenye duka mwenyewe hana habari. Rekebisha kwanza, ndipo ukate rufaa.

Anwani ndiyo inayotusumbua zaidi hapa kwetu Tanzania. Google haikubali S.L.P. kama mahali pa biashara, na nyaraka nyingi za wafanyabiashara wadogo zimebeba S.L.P. peke yake. Wenzetu wa nchi nyingine huambatisha ankara ya umeme, mambo yakaisha. Sisi tunanunua LUKU, umeme wa kulipia kabla: kinachokuja ni tokeni kwenye simu, na jina lililo kwenye mita mara nyingi ni la mwenye nyumba. Ankara ya maji nayo mara nyingi ina jina la mwenye nyumba. Ndiyo maana tunategemea zaidi leseni ya biashara ya halmashauri na taarifa za usajili kutoka BRELA, kwa kuwa fomu za BRELA za sasa zinauliza kata, mtaa, barabara na namba ya nyumba. Kama ulijisajili zamani na sehemu hizo ziko tupu, au ulishahama fremu, badilisha taarifa zako huko kabla ya kugusa rufaa. Tangu operesheni ya anwani za makazi ya mwaka 2022, mitaa mingi ina majina na nyumba zina namba, kwa hiyo itumie anwani hiyo, na iandike vilevile kila mahali. Kwa walioko majengo ya Kariakoo, ambako maduka kadhaa yanatumia lango moja, taja ghorofa na namba ya fremu. Bila hivyo mnaonekana kama biashara moja iliyojiandikisha mara nyingi.

Kuna kundi tunalolihurumia sana: akina mama wanaooka keki nyumbani, mafundi wanaomfuata mteja, watu wa mapambo ya harusi. Huna duka ambalo mteja anaingia, lakini uliweka anwani ya nyumbani ili ramani ikuoneshe. Sera inasema biashara ya namna hiyo ifiche anwani na itaje maeneo inayohudumia, mfano Kinondoni na Ubungo. Huna haja ya kuona aibu kwamba huna fremu, na usikodi anwani ya ofisi ambayo hukai. Lakini kama unauza mtandaoni tu na hukutani na mteja ana kwa ana, wasifu huo haukuhusu. Tutakwambia hivyo siku ya kwanza, na hatutachukua fedha yako.

Wakati mwingine huombwa video, na video nzuri husaidia mno. Anza nje barabarani, kibao cha jirani kionekane, uje kwenye kibao chako, fungua mlango kwa ufunguo wako mwenyewe, ingia, onesha bidhaa au vifaa vya kazi, malizia kwenye mashine ya risiti (EFD) au droo ya fedha, mahali ambapo mteja hafiki. Piga mfululizo bila kukata. Sura za watu si lazima.

Angalia na tovuti yako. Zile tovuti za bure zilizotengenezwa ndani ya wasifu wa Google zilizimwa Machi 2024, na bado tunakuta maduka yamechapisha kiungo hicho kwenye kadi zao. Tovuti ibebe jina, simu na anwani zilezile za kwenye wasifu.

Tafadhali usifungue wasifu mpya wakati wa zamani umesimamishwa. Unaongeza kosa juu ya kosa, na maoni ya wateja wako yanabaki kwenye ule wa zamani. Ukikataliwa mara ya kwanza, unaweza kuomba upitiwe tena, lakini uende na ushahidi mpya. Karatasi zilezile zitakupa jibu lilelile. Na yeyote anayekuhakikishia kuwa "ana mtu wake ndani" usimpe fedha, wala nywila yako.

Ukitaka tukusaidie, njoo na simu yenye akaunti ya Google iliyofungua wasifu. Kama ilifunguliwa kwa akaunti ya kijana aliyekutengenezea, mtafute kwanza, maana rufaa hutumwa na akaunti yenye umiliki au usimamizi wa wasifu. Leta leseni, cheti cha BRELA, cheti cha TIN, na picha ya kibao iliyopigwa mchana. Tutavilinganisha mstari kwa mstari ukiwepo, na fomu ya ushahidi tutaifungua kila kitu kikiwa kimeshaskaniwa.