Sharti la mpenzi asiye binadamu

Mpendwa Zuhura,

Salamu nyingi. Barua yako nimeipata, nikaisoma mara mbili, nami nikakasirika pamoja nawe. Riwaya uliyoitupa katikati naijua namna yake: mwanamume haishiwi pesa wala hazeeki, usiku anamvizia msichana dirishani, kisha mwandishi anataka tuyaite hayo mapenzi. Kuvizia ni kuvizia, hata kama anayevizia ameishi miaka mia tatu. Ulifanya vyema kuiacha. Lakini usiape kwamba hutazigusa tena riwaya za mapenzi ya vampaya, wale wafu wanaoishi kwa kunyonya damu, na watu wanaogeuka wanyama, maana hujakutana na zile zilizonifanya mimi nizipende.

Huwa nazipima kwa sharti. Unazikumbuka hadithi za mtu anayeoa jini? Anapewa sharti moja tu, nasi tunakaa roho juu tukingoja alivunje. Riwaya nzuri ya namna hii nayo ina sharti lake. Ukiliondoa, mpenzi asiye binadamu anabaki kuwa mwanamume mwenye sura nzuri, na hao wamejaa kwenye riwaya za kawaida.

Anza na Shiver ya Maggie Stiefvater, iliyotoka mwaka 2009. Sam hageuzwi mbwamwitu na mbalamwezi, hugeuzwa na baridi. Majira ya joto ni kijana mpole anayependa mashairi; baridi ikiingia, anapotelea msituni na ubinadamu wake unamtoka. Tena miezi yake ya kuwa mtu inapungua mwaka hadi mwaka, mpaka ufike ule ambao hatarudi. Grace amempenda kwa miaka akiwa mbwamwitu mwenye macho ya manjano ukingoni mwa msitu. Kila sura inatanguliwa na kipimo cha joto la hewa. Mwanzoni niliziruka zile tarakimu nikidhani ni mapambo. Kufika katikati, nilikuwa naziangalia kabla ya neno lolote, nikiomba zisishuke. Mlango ulioachwa wazi tu ulinitia hofu kuliko mapigano yote niliyowahi kusoma. Hiyo hata mdogo wako anaweza kuisoma.

Inayofuata usimpe. Slave to Sensation ya Nalini Singh, ya mwaka 2006, ni ya watu wazima, na ina mambo ya chumbani waziwazi. Sascha ametoka katika jamii ya watu wenye nguvu za akili waliofundishwa kuua hisia zote tangu utotoni. Yeye hisia zake hazikufa. Akigundulika, watamfuta akili. Na kukimbia hawezi, kwa kuwa akili zao zote zimeunganishwa katika mtandao mmoja, na anayejikata kutoka humo hufa. Ndipo anakutana na Lucas, kiongozi wa kundi la watu chui, watu wa kukumbatiana na kugusana mchana kutwa. Kinachonikaa moyoni ni mwanamke anayejilazimisha asitabasamu mbele ya mama yake mzazi.

Dead Until Dark ya Charlaine Harris, ya mwaka 2001, nimeiweka ya tatu kwa sababu nusu yake ni kisa cha mauaji, na najua wewe mauaji huyapendi. Ila wazo lake ni zuri mno. Sookie, mhudumu wa baa, husikia mawazo ya kila mtu aliye karibu naye, akitaka asitake. Siku anapokutana na vampaya, hasikii kitu. Kimya kitupu. Nilimwelewa mara moja kwa nini alimpenda: kwake yeye alipata pa kupumzika.

A Discovery of Witches ya Deborah Harkness iache mpaka uwe na likizo. Ni kitabu kinene na kinakwenda polepole, lakini wewe mpenda maktaba utafurahi, maana mambo yanaanzia kwenye muswada wa kale unaoagizwa katika maktaba ya Bodleian, Oxford.

Zote nne zina vitabu vinavyoendelea, kwa hiyo usichukue cha tatu kwa kuvutiwa na jalada. Na Shiver, tafadhali, usiulize mtu mwisho wake. Ukifika kwenye bafu la maji ya moto, niandikie usiku huohuo, usisubiri umalize.

Akupendaye,
Mwanaidi