Barua ya wazi kwa Mkurugenzi Mkuu wa Usafiri wa Anga: kile kiti hakijafunguliwa

Kwa Mkurugenzi Mkuu,
Mamlaka ya Usafiri wa Anga.

YAH: VITI VINAVYOPATA MOTO NA KURUDISHIWA UMEME BILA KUFUNGULIWA

Mheshimiwa Mkurugenzi Mkuu,

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Nilitamani kuanza kwa kukujulia hali, lakini salamu zangu zote ziko masijala kwako, juu ya barua ambazo kila nikiziulizia naambiwa zimepokelewa na zinafanyiwa kazi. Sina shaka zinafanyiwa kazi. Hii ya leo nimeamua kuiweka hadharani, ili na wale wanaovikalia viti hivyo waisome wakati mimi na wewe tukiendelea kusubiri.

Mimi ni mhudumu wa ndege. Abiria wengi wananijua kwa kahawa na kukagua mikanda, na sina ugomvi nao kwa hilo. Wewe lakini unajua kwamba huko juu zimamoto ni mimi na wenzangu wachache, tukiwa na chupa za haloni (gesi ya kuzimia moto), vifuniko vya kupumulia kwenye moshi vinavyodumu robo saa hivi, na maji ya kunywa.

Juzi, katika safari ya usiku, taa zikiwa zimepunguzwa, abiria mmoja wa dirishani aliniita akasema mguu unamuungua. Nikainama. Kile kisanduku cha umeme kilichofungwa chini ya kiti, kinacholisha skrini na soketi ya kuchajia, kilikuwa cha moto hata hakishikiki, na harufu ya plastiki inayoungua ilikuwa imeshaanza kupanda. Tulizima umeme wa viti vya eneo lile, tukawahamisha watu, tukakaa macho pale mpaka tunatua. Moto haukuwaka. Mambo yote yakaandikwa kwenye kitabu cha hitilafu: namba ya kiti, saa, joto, harufu, tulichofanya.

Nilipopangiwa tena ndege ile ile, kitu cha kwanza nilichofungua ni kile kitabu. Jibu la ufundi lilikuwa mstari mmoja: kiti kimejaribiwa ardhini, hakuna hitilafu iliyoonekana. Umeme umerudishwa. Nikaenda kukitazama. Abiria ameshaketi, ameshachomeka simu, anachagua filamu. Kifuniko cha kisanduku bado kina vumbi lake lote juu ya skrubu, yaani hakuna mkono uliokigusa.

Nikamwomba kapteni umeme wa kiti kile uzimwe na abiria ahamishwe. Kapteni alikubali, Mungu ambariki. Tukachelewa kidogo kuondoka. Zawadi yangu ilikuwa barua ya kujieleza kutoka kwa mwajiri: kwa nini nisichukuliwe hatua kwa kuchelewesha safari bila sababu ya msingi. Mheshimiwa, mguu wa abiria unaoungua, kama si sababu ya msingi, basi naomba ofisi yako itoe orodha ya sababu za msingi tuibandike jikoni mwa ndege, pale karibu na oveni.

Nikukumbushe semina ile. Ulisimama mbele yetu, wahudumu, marubani na mafundi, ukasema harufu yoyote ya kuungua ndani ya kabini lazima ichukuliwe kuwa moto mpaka ithibitishwe vinginevyo. Uliahidi waraka wa kuyabana mashirika, na ulisema utatoka kabla ya mwaka kwisha. Tulipiga makofi. Mwaka umekwisha, mwingine umeanza na unaelekea katikati, waraka hatujauona. Yale makofi tulikukopesha.

Sasa nieleze kwa nini huu mstari wa "hakuna hitilafu iliyoonekana" unanikosesha usingizi, maana najua wapo washauri wako watakaokwambia kwamba mhudumu hana elimu ya umeme. Kweli sina cheti cha ufundi. Nina pua, na nina miaka ya kuinama chini ya viti.

Fundi anajaribu kiti uwanjani, ndege ina ubaridi, abiria hawapo. Anawasha skrini, inawaka. Anachomeka kipimo kwenye soketi, umeme upo. Anasaini. Lakini kiti hakikuungua katika hali hiyo. Kiliungua usiku wa manane, skrini zote zimewashwa, karibu kila soketi inachaji, blanketi limeziba matundu ya hewa ya kisanduku, na mtu ameegemeza kiti mpaka mwisho. Ni sawa na mgonjwa ambaye homa humpanda usiku. Ukimpima asubuhi akiwa amepoa utamwandikia kuwa ni mzima. Chanzo chenyewe nakikisia tu: huenda waya umekwaruzwa na reli ya kiti ukabaki uchi mahali padogo, huenda kuna juisi iliyomwagika zamani ikakaukia kwenye kiungio, huenda kuna pini imelegea. Nakisia kwa sababu hakuna aliyefungua akaniambia.

Na wale wanaosema "sakiti breka ingekatika yenyewe", yaani ile swichi ya usalama inayokata umeme, wanajua vizuri kuliko mimi kwamba breka ya kawaida hukatika pale mkondo unapozidi kiasi kwa muda wa kutosha kuipasha moto. Waya uliochubuka unaorusha cheche mara moja moja, unagusa chuma na kuachia, unaweza kuunguza kila kilicho jirani huku breka imetulia tu. Hili halikugunduliwa na wahudumu. Limeandikwa kwa damu.

Tarehe 2 Septemba 1998, Swissair 111, ndege aina ya MD-11, iliondoka New York kwenda Geneva. Marubani walisikia harufu. Mwanzoni walidhani inatoka kwenye kiyoyozi. Kutoka harufu ile ya kwanza mpaka ndege kuanguka baharini karibu na Peggy's Cove, Kanada, zilipita kama dakika 20 hivi. Watu 229 walikufa, hakupona hata mmoja. Wachunguzi wa Kanada walifanya kazi zaidi ya miaka minne wakiokota mabaki kutoka majini, na ripoti yao ya 2003 ikasema moto ulianzia juu ya dari, sehemu ya nyuma ya chumba cha marubani, kwa uwezekano mkubwa kutokana na cheche za waya, ukakimbilia kwenye kitambaa cha kuhami joto ambacho kilipaswa kutoshika moto na kikashika. Miongoni mwa nyaya zilizokutwa na alama za cheche ulikuwamo waya wa mfumo wa burudani ya abiria. Burudani, Mheshimiwa. Filamu na michezo, vitu vilivyoongezwa kwenye ndege baadaye ili kuwafurahisha wateja. Na mfumo huo ulikuwa umeunganishwa mahali ambapo swichi ya marubani ya kuzima umeme wa kabini haikuufikia.

Hilo la mwisho nalisoma na kulirudia. Naomba nikuulize, kwa heshima zote: kwenye ndege zilizoongezewa skrini na soketi baada ya kununuliwa, kuna mtu wa ofisi yako aliyesimama kabini akahakikisha kwamba swichi ninayofundishwa kuibonyeza inazima kila kisanduku kilicho chini ya kila kiti? Au tumeamini karatasi?

Kabla ya hapo, tarehe 2 Juni 1983, kwenye DC-9 ya Air Canada, safari namba 797, dalili ya kwanza ilikuwa breka za mota ya choo kukatika. Kapteni akajaribu kuzirudisha, zikakataa, akajaribu tena baadaye. Moshi ukafuata. Ndege ilifanikiwa kutua Cincinnati, lakini kati ya watu 46, 23 hawakutoka. Chanzo hasa cha moto hakikuthibitishwa mpaka leo. Kutokana na ajali hiyo ndiyo maana leo vyoo vya ndege vina ving'amuzi vya moshi, na sakafuni kuna taa za kukuonyesha njia. Sheria zetu nyingi zimepatikana hivyo, kwa kuzika kwanza.

Mtaniambia hayo ni ya zamani, ndege za sasa ni za kisasa. Julai 2013 Boeing 787 ya Ethiopian Airlines iliungua ikiwa imeegeshwa Heathrow, haina mtu ndani. Uchunguzi ulikwenda kuishia kwenye kifaa kidogo cha kutoa ishara za dharura, juu ya dari ya nyuma, ambacho nyaya za betri yake zilibanwa chini ya kifuniko wakati wa kukifunga. Nyaya mbili kubanwa. Ungeijaribu ardhini ungeandika nini? Hakuna hitilafu iliyoonekana.

Najua jibu lako litakuwa lipi, maana nimelisikia kwa wasaidizi wako: kwamba Mamlaka imeweka nguvu kwenye pawabanki, zile betri za kubeba za kuchajia simu. Ni kweli, mabango nimeyaona, yamechapwa vizuri na rangi zinavutia. Wala sipingi. Januari 2025 ndege ya Air Busan iliungua uwanjani Gimhae, Korea Kusini, ikisubiri kuruka, moto ukianzia kwenye kabati la mizigo juu ya viti. Watu 176 wakatoka wote hai kwa sababu tu walikuwa bado ardhini. Wachunguzi wakaielekezea kidole pawabanki. Na ilipofika tarehe 1 Machi mwaka huo huo, Korea ilikuwa imeshatoa masharti mapya: pawabanki zisiwekwe kwenye makabati ya juu, abiria akae nayo karibu. Hesabu mwenyewe miezi, kisha utazame kalenda ya waraka wetu.

Lakini naomba pawabanki isigeuzwe pazia. Betri ya lithiamu ya abiria ikianza kuchemka, seli moja ikipasha nyingine, mimi nimefundishwa cha kufanya: haloni kuua miali, kisha maji mengi ya kupoza, kwa sababu haloni haipozi na moto hurudi. Simu ikidondokea kwenye mitambo ya kiti, nimefundishwa kumkataza abiria asikisogeze kiti, kisije kikaisaga. Naijua mipaka ya betri za abiria pia: wati-saa 100 za nishati, yaani kama miliampea-saa 27,000 kwa betri ya volti 3.7, na juu ya hapo mpaka 160 kwa kibali cha shirika. Betri ya abiria naweza kuiona, kuinyang'anya, kuimwagia maji. Kisanduku cha kiti kimefungwa kwa skrubu, kimeungwa na umeme wa ndege, na ni mali ya shirika. Abiria tunamtangazia kila safari. Shirika nalo nani analitangazia?

Nisijifiche, nimechoka. Nimekuwa mtu wa kunusa. Nanusa viti kabla abiria hawajapanda, nanusa makabati, nikifika nyumbani nanusa soketi za ukutani, watoto wananicheka. Koo tangu usiku ule halijatengemaa. Wenzangu wananishauri ninyamaze, na siwalaumu, wana karo na kodi kama mimi. Kikao changu cha nidhamu kimepangwa, na nimeambiwa nije na maelezo ya maandishi. Nitaenda na nakala ya barua hii, sijui kama itanisaidia au itanimaliza.

Nilikuwa nimeandaa orodha ndefu ya maombi: ukaguzi wa nyaya, mafunzo mapya, mifuko ya kuzuia moto, oveni zinazofutwa mafuta, ulinzi kwa mhudumu anayetoa taarifa. Nimeifuta. Orodha ndefu ndizo zinazopenda kufanyiwa kazi. Naomba kitu kimoja.

Kiti kikishaandikwa kwenye kitabu kwamba kimepata moto au kimetoa harufu ya kuungua, umeme wake ubaki umezimwa mpaka kisanduku na nyaya zake zifunguliwe, zitazamwe kwa macho, na sababu iliyokutwa iandikwe. Isipopatikana sababu, kisanduku kibadilishwe. Kuona skrini inawaka isihesabiwe kuwa ukaguzi. Abiria atakosa filamu usiku mmoja, na tutamwomba radhi. Hiyo ndiyo kazi tuliyoizoea. Hili halihitaji bajeti wala safari ya kwenda kujifunza nje. Linahitaji aya moja na saini yako.

Umeme wake ubaki umezimwa mpaka kifunguliwe. Nalirudia ili msaidizi atakayekufupishia barua hii asilipoteze njiani.

Ndege ile bado inaruka. Namba yake ya usajili na namba ya kiti nimeziandika kwenye barua iliyoko masijala kwako, na nakala yangu ina muhuri wenu wa kupokelewa. Kama waraka bado unasubiri vikao, tuma basi mtu mmoja mwenye bisibisi.

Wako katika kazi,

Mhudumu wa ndege
Jina limehifadhiwa mpaka kikao cha nidhamu kiishe

Nakala: Abiria wote