Mdogo wangu, usijenge shule nne ndani ya nyumba moja

Mdogo wangu,

Ujumbe wako wa usiku niliusoma mara tatu. Umewatoa wote wanne shuleni uwafundishe nyumbani, Januari iko mlangoni, na mimi ndiye unayenitaka nikupangie mwaka. Mimi! Nitakupangia, kwa sababu watoto wetu hawana kosa, na kwa sababu Mama hangenisamehe nikikunyima. Lakini mengine pia nitayasema, na nayasema hapa hadharani kwa kuwa wewe nawe shule yangu ya nyumbani uliisema hadharani.

Tuanze na saa zako, maana hapo ndipo wengi huanguka kabla ya Februari. Mzazi huchukua ratiba ya shule na kuinakili mara nne. Ratiba ya Gredi 2 ina vipindi 31 kwa wiki, kila kimoja dakika 30. Ya Gredi 5 ina vipindi 35 vya dakika 35. Ya Gredi 8 ina vipindi kama 40 vya dakika 40. Jumlisha uone: zaidi ya saa 60 za kufundisha kwa wiki, na wa PP1, yaani wa chekechea, hujamgusa. Wewe unafungua kibanda cha nguo saa nane mchana. Saa zako za kweli ni kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa sita, siku nne kwa wiki, basi. Saa 16. Siku ya tano iache kwa soko, safari na kukagua madaftari. Mpango wowote usioingia ndani ya hizo 16 utaishia kukufanya upige kelele, na watoto watadhani ni wao walioharibu.

Kwa hiyo tenganisha vitu viwili tu: hisabati, na kusoma na kuandika. Hapo kila mtoto ana ngazi yake na huwezi kumrukisha. Mengine yote, yaani mazingira, sayansi, kilimo, jamii, dini na sanaa, wafundishe pamoja kwa mada moja, kila mmoja akibeba mzigo wa kimo chake.

Mwaka wenyewe ugawe hivi. Mihula mitatu ya serikali ina karibu wiki 35. Usipange kazi ya wiki 35. Panga ya 30: mafungu matano ya wiki sita, na kila baada ya wiki sita acha wiki moja tupu. Hiyo wiki tupu si likizo. Ni ya kufidia malaria ya Mei, ni ya mvua iliyofanya barabara isipitike, ni ya matanga, ni ya kurudia sehemu ambazo hazikueleweka. Kitabu cha hisabati chenye kurasa 180 ukikigawa kwa 30 unapata kurasa sita kwa wiki, yaani ukurasa mmoja na nusu kwa siku. Usiandike tarehe kwenye mpango, andika namba ya somo. Ukiandika tarehe, mtoto akiugua siku tatu mpango wote unaonekana umekufa, na wewe unaanza kukimbiza. Ukiandika namba, Jumatatu unaendelea na somo la 41 pale pale ulipoliacha. Na kama Agosti hiyo ni ya mwaka wa shufwa, unajua mwenyewe huko nyumbani kwetu kwa Wabukusu kunakuwaje wakati wa vijana kutahiriwa. Usipange kitu.

Wiki mbili za kwanza fundisha hisabati na kusoma tu. Mpe kila mmoja maswali kumi kutoka kitabu cha gredi aliyotoka. Akipata nane, endelea naye. Akipata chini ya hapo, rudi nyuma bila aibu na bila kumwambia kwamba umerudi.

Sasa asubuhi yenyewe. Robo saa ya kwanza ni ya kitinda mimba peke yake, mapajani kwako, na hadithi yake, wakati wakubwa wanaosha vyombo na kulisha kuku. Ukimnyima hiyo robo saa atakudai saa mbili baadaye kwa kulia na kumwaga maji juu ya madaftari. Kisha wote wanne waje kwa dakika 45: unasoma kitabu kimoja kwa sauti dakika 20, halafu kila mmoja anasimulia alichosikia. Aanze mdogo. Akianza mkubwa, wadogo watarudia maneno yake na hutajua nani alisikiliza.

Saa tatu hadi saa nne na dakika ishirini ni zamu. Wa Gredi 2 anapata dakika 20 za kusoma na 20 za hisabati, wa Gredi 5 dakika 20 za hisabati, wa Gredi 8 dakika 20. Uji, dakika 20. Kisha zamu nyingine mbili za kuandika, za hao wakubwa. Zinazobaki, dakika 40, ni za mada ya pamoja. Asiye kwenye zamu lazima awe na kazi ya kungoja, ambayo tayari anaijua: mazoezi ya jana, kunakili, kusoma kimya. Ukimpa jambo jipya wakati huko naye, atakuja kukuuliza kila dakika mbili na zamu ya mwenzake itakufa. Mpe kila mmoja vifuniko vitano vya soda. Akikwama kwenye swali anaweka kifuniko juu yake na kwenda kwenye swali linalofuata, na wewe ukimfikia unaanza na penye vifuniko. Vikiisha vyote vitano, ujue somo lenyewe ndilo halikueleweka.

Kuhusu mada, wewe una bahati kunishinda mimi wa Nakuru. Chukua maji na Mto Nzoia kwa fungu la kwanza. Mdogo apime kwa kikombe na chupa. Wa Gredi 2 achore mahali maji yanapotoka: kisima, bomba, paa, mto. Kifungua mimba achore ramani ya mto kutoka milimani hadi Ziwa Viktoria, na aeleze kwa nini Budalang'i hufurika wakati Webuye haifuriki. Wa Gredi 5 atengeneze chujio. Mwambie akate kitako cha chupa ya plastiki ya lita mbili, aigeuze mdomo chini, aweke pamba mdomoni, kisha makaa yaliyopondwa, mchanga laini, mchanga wa chembe kubwa, na kokoto juu, kila tabaka kama sentimita nne. Makaa na mchanga vioshwe kwanza hadi maji yake yawe safi. Asipoviosha, maji ya mto yatatoka meusi kuliko yalivyoingia na atakata tamaa. Na maji yakitoka maangavu, asiyanywe: chujio hilo linaondoa tope, vijidudu vinabaki. Hapo ndipo somo la kuchemsha linapoingia, na linaingia bila kulazimishwa. Fungu la pili liwe udongo na upanzi, maana mvua ya Machi haingoji. Historia ya kwetu iweke Septemba na upande nao kilima cha Chetambe, waone penyewe pale ambapo wazee walipigana na Waingereza mwaka 1895.

Kusoma nimekuachia mwisho kwa sababu hapo ndipo pananiuma.

Mtoto wa Gredi 2 msomeshe Kiswahili kwanza. Herufi za Kiswahili ni za kuaminika: a ni a kila mahali. Dakika 15 kila siku, silabi ba be bi bo bu, halafu maneno ya silabi mbili, halafu mba, nya, cha, mwisho ng' na dh na gh. Angalia asikariri kitabu. Funika picha, au mwanzishe sentensi ya mwisho arudi juu. Akikwama, alikuwa anakumbuka tu. Kiingereza cha kusomwa kije Kiswahili kikishatiririka, kwa sababu herufi zile zile zinabadilisha sauti na mtoto ambaye hajashika huchanganya zote mbili. Azungumze Kiingereza, aimbe, asikie, lakini ukurasa ungoje.

Mwanangu alikuwa hapo, mdogo wangu. Alikuwa na miaka minane, katikati ya fungu la pili. Kiingereza kilipangiwa fungu la nne. Uliijua hiyo ratiba, ilikuwa ukutani jikoni kwangu, na ulilala kwangu wiki nzima. Kisha pale chini ya hema, mbele ya wazee na kwaya, ukamwita na kumpa karatasi ya wasifu wa Mama, ya Kiingereza, herufi ndogo kama mchele. Akasoma jina la Mama vizuri. Akasoma mwaka. Akakwama kwenye neno la tatu, akakwama tena, na wewe ukaichukua karatasi mikononi mwake ukasema, "Hii ndiyo shule ya nyumbani." Watu wakacheka. Kwenye mazishi ya Mama watu wakacheka!

Sikukosea kumchelewesha. Nalisema kwa kila anayesoma hapa, anayetujua na asiyetujua. Ulikuwa mpango, ulikuwa na sababu, na mpango hauhukumiwi katikati. Laiti karatasi ingekuwa ya Kiswahili, angeisoma hadi mwisho na ungelia wewe. Ningeweza kusimama niseme hivyo siku ile. Sikusimama kwa sababu jeneza lilikuwa mbele yetu.

Basi, turudi kwa wako.

Usimfanye kifungua mimba kuwa mwalimu msaidizi. Namjua, ni mpole, atakubali. Dakika 20 kwa siku za kumsikiliza mdogo wake akisoma, zisizidi. Yeye naye ana mtihani unaokaribia. Na hapa sikiliza vizuri. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inamtaka mzazi amsajili mtoto katika taasisi ya elimu, na chifu akibisha hodi ratiba yako ya ukutani haitamtosha. Tena alama haziji na mtihani wa mwisho peke yake. Tathmini za shuleni za Gredi 4 hadi 6 hubeba asilimia 60 na KPSEA, mtihani wa taifa wa Gredi 6, 40. Kwa Gredi 9, mtihani wake wa taifa, KJSEA, hubeba 60, tathmini za Gredi 7 na 8 zinabeba 20, na KPSEA aliyokwisha kufanya 20. Alama hizo huingizwa na shule iliyosajiliwa na KNEC, baraza la mitihani la taifa, na namba ya tathmini ya mtoto hupitia huko huko. Umewatoa wa Gredi 5 na wa Gredi 8 katikati ya hesabu hiyo. Kabla ya wiki ya pili ya Januari, nenda ukaonane na mwalimu mkuu wa shule ndogo iliyo karibu, umweleze ukweli, mkubaliane kwamba wawili hao wafanyie tathmini kwake, na upate jibu kwa maandishi. Hilo ulipaswa kulifanya kabla ya kuwatoa. Ungeniuliza mapema ningekuambia, lakini ulikuwa huniulizi kitu.

Kila mtoto awe na faili lake. Kila wiki tupu ingiza kazi tano zenye tarehe, mbaya na nzuri, si nzuri tu. Mwalimu mkuu akitaka kuona, utamwonyesha mtoto anayekua.

Limebaki somo la lugha ya mama kwa wa Gredi 2, vipindi viwili kwa wiki. Lilikuwa la Mama. Mimi Lubukusu changu kimelegea huku Nakuru, na chako hakina afadhali. Nina sauti yake kwenye simu yangu ya zamani, hadithi tatu, kama dakika 11, kuku wanasikika nyuma. Nitakutumia. Wasikilizishe moja kwa wiki sita, wote wanne, wasimulie, mdogo aanze.

Mwanangu sasa anasoma lugha zote mbili. Ile karatasi ya wasifu aliiokota mwenyewe siku ile na iko kwenye faili lake, fungu la pili, kati ya silabi za nya na mtihani wa kujumlisha. Ukija Desemba usimpe kitu asome. Akikuletea mwenyewe, keti.

Dada yako