Yehoyakimu hakuchoma gombo kwa hasira

Mhariri, salamu kwako na kwa wasomaji wenzangu.

Nimesoma makala yenu ya ukurasa wa dini kuhusu mfalme Yehoyakimu wa Yuda na nabii Yeremia, nashukuru sana mmeigusa habari hiyo maana wengi wetu Yeremia tunaishia ile sura ya 29 ya mawazo ya amani basi. Ila kuna sehemu sikubaliani nayo kabisa. Mmeandika mfalme alipandwa na hasira akatupa motoni lile gombo, yaani kitabu cha kukunja chenye maonyo aliyoyatoa Yeremia. Jamani fungueni Yeremia 36 muisome taratibu, hasira iko wapi pale?

Ni mwezi wa tisa kwa kalenda yao, baridi imeingia Yerusalemu, mwaka 604 hivi kabla ya Kristo, mfalme kakaa kwenye nyumba yake ya wakati wa baridi anaota moto. Mtumishi wake aitwaye Yehudi anamsomea. Zikisomwa safu tatu nne, mfalme anachukua kijembe cha mwandishi, anakata kile kipande kilichosomwa, anakitupa kwenye makaa, halafu anasomewa tena, anakata tena, hivyo hivyo mpaka gombo lote likateketea. Mwenye hasira angelitupa lote mara moja. Huyu alisikia kwanza ndo akachoma, katulia kabisa, na mimi utulivu huo unanitisha kuliko hasira yoyote kwa sababu hasira huwa inaisha.

Na onyo lenyewe, kwamba mfalme wa Babeli atakuja kuiharibu nchi, halikuwa la hewani. Mwaka mmoja tu nyuma Nebukadreza wa Babeli alikuwa amempiga Farao Neko wa Misri kule Karkemishi, Neko huyo huyo aliyemweka Yehoyakimu kwenye kiti mwaka 609 na kumbadilisha jina kutoka Eliakimu. Mlinzi wake kashapigwa, watu wa miji ya Yuda wamejaa Yerusalemu wanafunga, Baruku, mwandishi wa Yeremia, kawasomea gombo hekaluni, na yeye yuko na kijembe! Halafu ndo huyu ambaye sura ya 22 inamsema kajijengea jumba la mierezi na kulipaka rangi nyekundu huku waliomjengea hawajalipwa ujira wao.

Baba yake Yosia miaka kama 18 nyuma alisomewa kitabu cha torati kilichookotwa hekaluni, msomaji akiwa Shafani mwandishi, na Yosia akararua nguo zake. Kwa mtoto hakurarua mtu, wala mfalme wala watumishi wake, Biblia imelisema hilo wazi, na mimi naona limewekwa makusudi tumkumbuke baba.

Lakini kilichonifanya niandike hasa ni wale watatu ambao makala yenu imewaruka: Elnathani, Delaya na Gemaria. Walimsihi mfalme asichome, hakuwasikia. Gemaria ni mtoto wa Shafani, kwa hiyo huenda kakulia nyumba ambayo ile habari ya Yosia ilikuwa inasimuliwa kila siku. Na Elnathani mwana wa Akbori, rudini sura ya 26 mtamkuta, ndiye aliyetumwa Misri kumrudisha nabii Uria aliyekimbia, Uria akaletwa kwa huyu huyu Yehoyakimu akauawa kwa upanga. Sasa mtu huyo leo amesimama mbele ya makaa anaombea gombo la nabii mwingine! Biblia haisemi kilichombadilisha, lakini ningependa sana wachungaji wetu wamhubiri, maana Yehoyakimu tunamhubiri kila mwaka na watu wanatoka kanisani wanasema afadhali mimi sio mfalme, wakati kwenye ile nyumba waliokuwepo wengi walikuwa watumishi, waliotumwa, waliosimama kimya.

Makala pia iliishia motoni. Haikuishia hapo, mfalme aliagiza Yeremia na Baruku wakamatwe wakawa wamefichwa, na Yeremia akachukua gombo jingine, Baruku akaandika yote upya na mengine mengi ya namna ile yakaongezwa. Mkipata nafasi naomba sana muiandike hiyo sehemu pia, pamoja na Elnathani.

Msomaji wenu