Mdogo wangu, shida siyo kujituma

Mdogo wangu,

Jana nimekaa na watoto tumeangalia katuni ya Disney, The Princess and the Frog, ya mwaka 2009, wao wanacheka vyura mimi machozi yananilengalenga maana nilikuwa nakuona wewe mtupu. Kuna binti mweusi anaitwa Tiana, yuko New Orleans miaka ya 1920, anahudumia wateja migahawa ya watu, usiku akirudi anamwaga tipu zake kwenye makopo, droo imejaa makopo, yaani vibubu kabisa! Anataka afungue mgahawa wake kwenye kiwanda cha zamani cha sukari, ndoto waliyokuwa wanaiota na marehemu baba yake.

Sasa wewe juzi kwenye simu unaniambia labda hujitumi vya kutosha. Tiana kajituma hadi hana muda wa kwenda dansi na wenzake, hela ya kumalizia kaipata kwa oda moja ya maandazi (wenyewe wanayaita beignets) kutoka kwa shoga yake mtoto wa tajiri, na bado wale ndugu wawili madalali wa hilo jengo wakamgeuka kwenye sherehe, eti kuna mtu kaja na hela yote kashi, ana mpaka Jumatano awe ameipita, halafu wanamchoma kabisa kwamba mwanamke wa hali yake biashara kubwa vile ingemlemea. Mwishoni jengo kalipata, ila kuna mamba aliwatolea meno wale mabwana ndo wakalegea. Wewe mamba unaye?

Ndo maana mi nampenda zaidi aliyewapa Disney wazo la Tiana, Leah Chase, mpishi wa kweli wa hukohuko New Orleans, kafariki 2019 akiwa na miaka 96. Mgahawa wao, Dooky Chase's, wakwe zake waliuanza 1941 kwa kuuza sandwichi na tiketi za bahati nasibu, na weusi walikuwa wanabadilishia hundi za mshahara palepale maana benki za kwao hazikuwepo, basi mtu ashashika hela yake, harufu ya chakula hiyo hapo, atatoka vipi bila kula? Ghorofani wapigania haki walikuwa wanapanga mambo yao, weusi na weupe pamoja wakati sheria inakataza. Kimbunga Katrina 2005 kikauzamisha, 2007 wakafungua tena. (Huyu bibi ndo alimgombeza Obama kwa kutia pilipili kwenye gumbo, ule mchuzi mzito wa kwao, nacheka mpaka leo.)

Kwa hiyo niambie, hiyo fremu uliyoonyeshwa ni ya nani hasa, ya huyo dalali au ana mwenyewe? Akipandisha kodi ukishapata wateja utafanyaje? Usimpe hata mia kwa maneno ya mdomo, nitumie picha ya mkataba kabla hujasaini, hata kama ni saa nane za usiku. Na kwenye maandazi usianze kubana iliki.

Dada yako