"Binti" ni mizani tatu

Mhariri,

Juzi nilipewa mwongozo wa kusahihisha mtihani wa majaribio wa Fasihi, nikashindwa kuunyamazia. Swali limetoka katika utendi wa wasia ambao Mwana Kupona alimtungia bintiye mwaka 1858:

Negema wangu binti
mchachefu hasanati
upulike wasiati
asa ukazingatia

Mwongozo unadai mishororo miwili ya kwanza ina mizani (yaani silabi) saba saba, hivyo mshairi "amekiuka arudhi", yaani kanuni za utunzi. Mwanafunzi wangu aliandika nane, akanyimwa alama.

Nane ndiyo sahihi. Soma kwa sauti ukikunja vidole: ne-ge-ma-wa-ngu-bi-n-ti. Hiyo n inasimama peke yake, sawa na m ya "mchachefu". Aliyepata saba alihesabu kwa macho.

Kijana akikosea hapo namwelewa. Hapa Kisumu wengi darasani mwangu wamelelewa kwa Kijaluo, na katika Kijaluo silabi hufungwa na konsonanti: chak, rech, dhok. Sikio lililozoea hivyo husikia bin-ti, mapigo mawili tu. Mimi huwapigisha makofi mpaka n nayo ipate kofi lake. Lakini mtunga mwongozo anamhukumu mshairi, na kabla ya kumhukumu angemsikiliza.

Halafu eti mwanafunzi abainishe ukwapi na utao, yaani nusu ya kwanza na nusu ya pili ya mshororo! Mshororo wa utendi ni kipande kimoja, hauna kina cha kati. Vina viko mwishoni, na ndipo uzuri wote ulipo: -ti, -ti, -ti, kisha -ia. Nenda kwenye ubeti unaoanza "La kwanda kamata dini", ule wa faradhi na sunna: -ni mara tatu, kisha "kuitia". Vina vitatu vya mwanzo hubadilika ubeti hata ubeti, -ia haibanduki. Kina hicho cha kudumu ndicho kiitwacho bahari ya utendi huu. Mama anayetunga yu mgonjwa, anasema maradhi yametimiza mwaka, na anataka bintiye ayashike maneno ya dini kwa moyo. Kila -ia inapotua, msikilizaji anajua agizo moja limekamilika, anavuta pumzi, anangoja jingine. Hilo ndilo jibu la umbo ambalo ningetaka kulisoma kwenye karatasi ya mtahiniwa, na mwongozo haukuligusa kabisa.

Nawaomba walioutunga waurekebishe kabla ya matokeo kutangazwa, na alama ya mwanafunzi wangu irudishwe.

Mwalimu wa Kiswahili,
Kisumu